Mahari Unapopenda

Kitale
Alhamisi, 16 Januari 2025

Mulamwa wangu Nelima,

Mulembe. Naanza na salamu ya kwenu ili usije ukasema nimeolewa na ndugu yako miaka arobaini na mitatu bila kujifunza chochote.

Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Ikilia tu, ndugu yako Mukhwana anainuka kwenda kumfungulia mtu mlangoni, na akikuta hakuna mtu anarudi akiwa na huzuni, kana kwamba mgeni ameudhika akaenda zake. Nikiongea naye yuko karibu, anasikiliza, na siwezi kusema habari zake mbele yake kama mtu anayeuza ndama. Tena masikio yako yanajulikana. Mtu akikwambia nimelima, unamjibu kwamba Nelima ni wewe. Kwa hiyo nitakuwa nikiwapa bahasha vijana wa vifurushi pale steji, na binti yako Ivy ataichukua Bungoma akienda kununua vitambaa vya duka lake.

Ndugu yako hali yake ni ileile, yaani imezidi. Daktari alituambia kwa upole kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Mtu aliyepima mashamba ya nusu ya wilaya hii, akijua kila jiwe la mpaka limelala wapi, sasa anatoka chooni anasimama kwenye ujia, hajui aende kushoto au kulia. Mimi ananiita mama, kama anavyomwita muuza maziwa.

Sasa kuna kikundi. Muuguzi mmoja aliyestaafu, sista Jepkorir, ameomba ukumbi nyuma ya kanisa letu, na kila Alhamisi anatukusanya wazee wanane wenye shida hii pamoja na sisi tunaowatunza. Ni jambo zuri, lakini siku ya kwanza ilikuwa matanga. Tulikaa kwa duara, tukitazamana. Sista, kwa nia njema, akasema tuanze na kile yeye anaita aisbreka, yaani cha kuvunja barafu ya ugeni, kila mtu ataje jina, umri na idadi ya watoto wake. Ilipofika kwa Mzee Gathii akataja jina, akataja umri, halafu akaanza kuhesabu watoto kwa vidole, akarudia, akarudia tena, kisha akalia. Chai ilipoa kwenye vikombe.

Nikamwambia sista kwamba ninaye wifi huko Myanga, mwalimu mstaafu, aliyechezesha vijana wa makanisa kutoka Naitiri hadi Kapenguria, na kwamba barafu ikikushinda wewe basi hakuna wa kuivunja. Tutumie michezo, Nelima. Iwe mifupi, isiyomwaibisha mtu.

Nina sababu yangu pia, na wewe sitakuficha. Mara ya mwisho kusikia jina langu kinywani mwake ilikuwa Oktoba, tukivuna. Alisema, "Nyaruai, hiyo gunia imetoboka." Nikalishona gunia nikaendelea na kazi. Ningejua, ningemwambia arudie. Nataka kulisikia mara moja tu. Nikilisikia mara moja nitatulia, sitaomba kingine.

Wako,
Nyaruai


Myanga, Bungoma
24 Januari 2025

Mpendwa Nyaruai,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta. Ivy anasema ilisafiri juu ya kuku wa mtu. Nimefurahi kuisoma na nimesikitika, yote mawili.

Huyo sista wenu msimlaumu. Watu wengi hudhani mchezo wa kufungulia kikao ni maswali. Mimi nimechezesha watu miaka thelathini na nane, na sheria zangu ni tatu tu. Ya kwanza, mchezo usizidi dakika tano. Ya pili, kila mtu ana ruhusa ya kusema "napita", na akisema hivyo zamu inakwenda kwa mwingine, wala hakuna wa kumwangalia vibaya. Ya tatu ndiyo kubwa, na walimu vijana ilikuwa ikiwashinda kabisa. Usiulize swali lenye jibu moja. Swali lenye jibu moja ni mtihani, na hakuna mtu aliyewahi kuchangamshwa na mtihani.

Anzeni na huu. Chukua soksi safi, uizungushe mpaka iwe mpira, uifunge kwa uzi. Mwenye soksi husema jina lake na jambo moja dogo analolipenda, kisha humrushia amtakaye. Asiyetaka kusema aseme napita, na hakuna atakayemwuliza sababu. Acheni watu wangali na hamu. Soksi haivunji kikombe wala moyo wa mtu.

Mwingine ni wa hali ya hewa. Kila mtu aseme leo ndani yake kuna hewa gani: jua, ukungu, manyunyu, upepo. Hapo hakuna kukosea. Nani atakuja kukagua mawingu ya mwenzake?

Juu ya hilo la jina, Nyaruai, nakuonea huruma mpaka nakosa usingizi. Lakini usilifukuze. Kuku anayefukuzwa huingia kwa jirani.

Salimia ndugu yangu. Mwambie dada yake mkubwa amesema avae sweta, hiyo baridi yenu si ya watu.

Nelima


Kitale
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mulamwa,

Soksi imetuokoa. Ni ile ya kijivu ya Mukhwana, mwenzake ilipotea zamani, na leo nimeona ilivyokuwa ikisubiri kazi yake.

Ungetuona. Mama Beth, ambaye alikuwa akikaa amelaza kichwa kama aliye kwa mazishi yake mwenyewe, akishika soksi anasema, "Beth. Napita," kwa sauti ya hakimu, halafu anairusha kwa nguvu zote. Hajawahi kusema zaidi ya hapo, lakini sasa anafika kabla ya wote. Mzee Gathii kwenye hali ya hewa alisema ndani yake kuna mvua ya mawe, na mkewe akamshika mkono. Mukhwana akasema, "Jua. Jua mingi sana." Nje kulikuwa na mvua hadi paa lilikuwa likipiga kelele, na watu wote wakacheka, naye akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu mwaka juzi. Nilitoka nikasimama nyuma ya mlango mpaka nikajisawazisha.

Nikiwa pale nyuma ya mlango ndipo nilipopata wazo. Najua unalijua, lakini acha niliseme lote, kwa sababu sista Jepkorir nimemsimulia na ameniambia niliandike.

Agosti 1981, kambi ya vijana, kanisa hilihili, wewe ukiwa mwalimu mpya mwenye filimbi shingoni. Ulituweka kwa duara, ukatupa mpira wa matambara, ukasema kila anayeudaka amwulize mwenzake jina lake na mahali anapopenda. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na ulimi wa nyumbani kwetu, ambao kwake l na r ni watu wa nyumba moja. Nikamrushia mvulana mrefu aliyetoka Naitiri na dada yake, nikasema kwa sauti ya kwaya, "Jina lako ni nani, na mahari unapopenda?" Akaudaka, akanitazama, hakucheka. Akajibu, "Mukhwana. Ng'ombe nane. Lakini naweza kuongeza." Kambi nzima ikaanguka chini. Wewe filimbi ilikutoka mdomoni. Mimi niliona aibu siku tatu, na siku ya nne nikamtafuta.

Tangu hapo likawa neno letu. Nikikasirika alikuwa akiniuliza mahari ninapopenda. Alipotoka hospitalini baada ya ile ajali ya pikipiki, kitu cha kwanza alichosema ni ng'ombe nane. Nikijifungua, ng'ombe nane. Hajawahi kulikosa, Nelima, hata mara moja.

Kwa hiyo nataka kumrushia soksi nimwulize vilevile, na ulimi uleule. Mengine yote yameondoka lakini hili liko chini kabisa, kama jiwe la mpaka. Nikiligusa, pengine na jina langu litatoka nalo.

Niambie ni vizuri.

Nyaruai


Myanga
20 Februari 2025

Nyaruai,

Nakwambia si vizuri.

Hilo ni swali lenye jibu moja. Umelichukua duara la watu wanaocheza, ukamwekea ndugu yangu mtihani katikati, na yeye hata hajui ameketi mtihani. Akikosa, atakayeanguka ni wewe, na atakuona ukianguka, na hatajua amefanya nini. Watu hawa husahau majina lakini uso uliojikunja wanauona upesi kuliko sisi.

Mpe mchezo mwingine. Weka vitu mezani, bizari, sabuni ya kipande, udongo wenye mvua, kila mtu anuse aseme kinamkumbusha nini. Chochote atakachosema kitakuwa sawa.

Yeye ni mtu wa ramani, labda udongo utamfurahisha. Nakuomba kama dada yake na kama mtu aliyekushika mkono siku ile ya aibu. Mwache acheze.

Nelima

Nimeisoma tena barua hii kabla ya kuifunga na naona ni kali. Siyo hasira. Nina sababu za kuogopa mitihani siku hizi, lakini hizo ni zangu.


Kitale
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mulamwa wangu,

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimevunjika yote mawili, na sina wa kumlalamikia ila wewe uliyenionya.

Nilijaribu wiki mbili kuacha. Nilipeleka bizari na udongo, na kweli Mukhwana aliunusa udongo wa shambani akasema, "Hii ni ya Bokoli, chini ya mto," na sista akaandika kwenye kitabu chake. Nilipaswa kuridhika. Lakini ukishaanza kusikia njaa ya kitu kimoja, hata ukiwekewa sahani ya kingine huioni.

Leo nilivaa kitambaa cha bluu cha kichwani. Nilikaa mkabala naye. Soksi iliponifikia, nikasema jina langu, na nikasema napenda chakula cha kwetu, mukimo wa viazi wenye majani mengi. Kisha nikamrushia. Aliidaka vizuri, unajua mikono yake haijasahau. Nikamwuliza, "Jina lako ni nani, na mahari unapopenda?"

Aliigeuza soksi. Halafu akatabasamu, tabasamu lilelile la upande mmoja, na nakuapia nililiona jibu likija. Nilikuwa nimeshaanza kulia kwa furaha.

Akaniinamia kwa heshima, kama mtu anayetaka kumkatalia mwenzake bila kumwaibisha, akasema, "Mama, maneno ya mahari hapana. Mimi niko na bibi. Anaitwa Nyaruai. Akisikia ati nimeketi hapa napanga mahari na mama mwingine, hatapenda, bana."

Akanirudishia soksi mkononi, hakuirusha.

Watu walipiga makofi. Sista Jepkorir alikuwa na machozi, akasema Mzee amekumbuka jina la mke wake, na wote wakapiga makofi tena, hata Mama Beth. Na mimi nikapiga. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeomba kulisikia mara moja, nami nimelisikia. Sikufikiri kwamba lingetajwa mbele yangu kama la mtu ambaye hayupo.

Kinachonimaliza ni kwamba alinikataa kwa uaminifu. Angenisahau tu ningevumilia. Lakini amenitunza mahali fulani ndani huko, na ananilinda, na analinda mlango dhidi yangu mimi mwenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ninalo tangu zamani, na bado mimi ni mgeni.

Niandikie upesi. Sitaki ushauri. Niandikie tu.

Nyaruai


Myanga
28 Machi 2025

Mpendwa Nyaruai,

Barua yako imefika salama. Pole sana kwa yote. Nimeisoma mara nyingi. Mvua imeanza huku, mahindi yameshapandwa, na mbuzi wa Sifuna jirani ameingia kwenye mboga zangu za mrenda mara mbili.

Nasikia mnaanza kikundi cha wazee hapo kanisani. Ni jambo zuri. Nakutumia mchezo wa kuanzia. Chukua soksi safi, uizungushe mpaka iwe mpira, uifunge kwa uzi. Mwenye soksi husema jina lake na jambo moja dogo analolipenda, kisha humrushia amtakaye. Asiyetaka kusema aseme napita, na hakuna atakayemwuliza sababu. Acheni watu wangali na hamu. Soksi haivunji kikombe wala moyo wa mtu.

Salimia ndugu yangu. Mwambie avae sweta. Akipata likizo kule ofisi ya ardhi aje Pasaka, mama atafurahi.

Nelima


Kitale
10 Aprili 2025

Mulamwa,

Asante sana kwa mchezo huo mpya wa soksi. Wazo zuri kweli. Tutaujaribu Alhamisi ijayo, na nina hakika wazee wataufurahia. Wewe huishiwi.

Ofisi ya ardhi hawajampa likizo bado. Wakimpa tutakuja.

Sweta amevaa.

Nyaruai


Kitale
10 Aprili 2025

Ivy, binti yangu,

Nimeikunja karatasi hii ndani ya kitambaa cha maua ninachokutumia ili uipate wewe unapokifungua dukani. Isome peke yako.

Mama yako ameniandikia kwamba ndugu yake aje Pasaka akipata likizo. Mjomba wako alistaafu mwaka 2018. Amesema nyanya yako atafurahi, na nyanya yako tulimzika Naitiri kabla wewe hujazaliwa. Na amenitumia mchezo aliokwisha kunitumia Januari, neno kwa neno. Nimeweka barua mbili pamoja nikafuata kwa kidole. Hata nukta haikutofautiana.

Nimemjibu kana kwamba sikuona. Sijui kama nimefanya vizuri. Niambie ukweli, tangu lini?

Anti Nyaruai


Bungoma
22 Aprili 2025

Anti Nyaruai,

Sasa? Mama angenisikia nikikusalimia hivyo angenipiga na rula, lakini sijui nianzie wapi, na salamu kubwa hazitoki.

Tangu Novemba mwaka jana. Alienda soko ya Myanga, hii ya nyumbani, akapotea kutoka kwa mama muuza nyanya hadi kwa posho mill ya kusaga unga. Aliporudi na mtu wa boda aliniambia alikuwa akitembelea rafiki. Nikampeleka hospitali Januari, wiki ileile barua yako ya kwanza ilifika. Daktari aliuliza kama kuna mtu mwingine kwa familia ako na hii shida, na mama akasema hakuna. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Tukitoka nje akaniambia, "Usimwambie Nyaruai. Yeye ako na wake, hawezi kubeba wawili." Najua wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini ni mama yangu na alikuwa akinishika mkono kwa nguvu.

Barua zake, Anti, kila moja ilikuwa inachukua siku nne au tano. Alikuwa na daftari la shule la zamani ambalo aliandika michezo yote. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika majina. Lako lilisema: "Nyaruai. Mke wa Mukhwana ndugu yangu. Kitale. Ndiye aliyesema mahari." Alikuwa analisoma kabla ya kukuandikia. Barua yako ya Machi, ile ya mzee kukataa, aliisoma siku nzima akilia, halafu asubuhi akaniuliza ni barua ya nani.

Daftari halipo tena. Wiki ya Pasaka niliamka nikakuta amewashia jiko nalo. Alikuwa ananipikia uji. Aliniambia amepata makaratasi ya zamani ya wanafunzi yanayowaka vizuri sana. Nilikunywa uji wote. Sikuweza kumwambia.

Sasa anakaa mchana mlangoni mwa duka langu. Wateja wanampenda. Anawauliza ndani yao kuna hewa gani.

Sijui ukimwandikia tena atasoma nini. Lakini andika, Anti. Bahasha anaijua bado. Akiiona ananyosha mgongo.

Ivy


Kitale
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mwalimu mpendwa,

Pengine hatujuani. Usijali kabisa. Mwalimu mmoja hodari alinifundisha kwamba watu wasiojuana waanze na jina na jambo moja dogo, na kwamba wasiulizane maswali yenye jibu moja. Nilikosea mara moja katika hilo na sitarudia.

Jina langu ni Nyaruai. Napenda mukimo wenye majani mengi. Naishi Kitale na mzee wangu, ambaye naye ana dada mwalimu.

Hatuendi tena kwenye kikundi cha Alhamisi. Miguu yake imekataa, na Mzee Gathii alituacha mwezi uliopita, na duara likawa dogo. Siku hizi tunaota jua nyuma ya nyumba, mimi na yeye, soksi ikiwa mapajani mwangu. Kila asubuhi namwambia jina langu kama mgeni, naye ananiambia lake, na ananikaribisha vizuri sana nyumbani kwangu. Nikikaa kidogo anaanza kunisimulia habari za mke wake. Anasema ana sauti ya kwaya na hajui kutofautisha l na r. Mimi humwuliza yuko wapi. Anasema ameenda sokoni, hatachelewa. Basi tunamngoja, sisi wawili.

Zamani nililia kwa jambo hili. Sasa sina hata hilo la kulia. Naamka, namwosha, namngoja huyo mwanamke pamoja naye. Najua hatarudi, na daktari anajua, na hakuna cha kufanya. Nakuandikia kwa sababu kuna siku nilikuwa na mtu wa kumwambia mambo haya, na mkono wangu umezoea njia ya kumwandikia.

Nimeshasema zaidi ya dakika tano. Nakurushia soksi, Mwalimu. Ndani yako leo kuna hewa gani, na ni mahari gani unapopenda?

Ukitaka, sema napita.

Nyaruai


Myanga
Juni, siku ya soko

Kwa Mama wa Kitale,

Nimepokea barua yako na nimeisoma. Mwandiko ni mzuri na hoja zimepangwa. Kuna kosa moja, umeandika mahari ulipotaka kuandika mahali. Mahari ni ya kuolea. Nimekusahihishia kwa wino mwekundu, usivunjike moyo. Ni kosa la ulimi, hata sisi wa huku husema tunaenda kupiga kula. Umepata tisa kwa kumi.

Ndani yangu leo kuna ukungu. Asubuhi ulikuwa mwingi, sasa umepungua kidogo, kwa hiyo naandika haraka.

Mahali ninapopenda ni uwanja wa kanisa moja, kulikuwa na nyasi, na nilikuwa na filimbi. Nilichezesha vijana wengi siku hiyo. Msichana mmoja alifanya kosa hilihili lako. Alimwuliza mvulana mahari anapopenda, naye akamjibu ng'ombe nane. Tulicheka mpaka filimbi ikaanguka. Yule mvulana alikuwa wa karibu nami, nilikuwa nikimchagulia sweta, lakini jina lake halinijii. Msichana aliona aibu sana nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto.

Nimefikiri sana habari zao. Sijui kama walioana. Walikuwa wanafaana. Kama walikuwa na siku nyingi mbele yao, natumaini zilikuwa nzuri.

Wewe uko hapo Kitale, pengine uliwahi kukutana nao. Ukiwajua, niandikie uniambie walifikia wapi. Na kama huwajui, sema napita, hakuna atakayekuuliza sababu.

Wako katika kazi,
Mwalimu Nelima